Jinsi peptidi ya maziwa lala inavyoua bakteria

Katika kaunti za Meru na Embu, maziwa ya ng'ombe huuzwa kupitia vyama vya ushirika, na mengine huchachushwa nyumbani kuwa maziwa lala. Miongoni mwa bakteria wanaochachusha maziwa ni Lactococcus lactis.

Baadhi ya aina za bakteria huyo hutengeneza nisini, peptidi yenye asidi amino 34 ambayo huua bakteria wengine. Athari yake iligunduliwa mwaka 1928, na mwaka 1969 FAO na WHO ziliikubali kama kihifadhi cha chakula.

Nisini ina chaji chanya, hivyo huvutwa na utando wa bakteria wenye chaji hasi. Hapo huikamata lipidi II, molekuli inayobeba vipande vya kujengea ukuta wa seli, na ujenzi husimama. Kisha molekuli 8 za nisini huungana na 4 za lipidi II na kutoboa tundu katika utando. Madini na nishati ya seli huvuja, na bakteria hufa.

Hata hivyo, bakteria wa brusela, ambaye huweza kuwemo katika maziwa mabichi, ana utando wa pili wa nje unaoizuia nisini kuifikia lipidi II. Vivyo hivyo E. coli.

Kwa hivyo, kuchachusha pekee hakuyafanyi maziwa kuwa salama. Yanapaswa kuchemshwa kwanza, yapoe, ndipo yatiwe chachu.