Betri ya saa na kompyuta inayokataa kuwaka

Leo tuangalie historia ya kidude cha bei ndogo kinachofanya kompyuta nzima ionekane imekufa: betri ya saa.

IBM PC ya kwanza, mwaka 1981, haikuwa na saa yenye betri. Usipoandika tarehe unapoiwasha, DOS ilihesabu kuwa ni Januari 1, 1980. Mwaka 1984 IBM ikatoa PC/AT, yenye chipu ya saa ya Motorola MC146818 na betri yake. Tangu hapo programu zikazoea kuiamini saa hiyo bila kumuuliza mtu.

Imani hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Kwenye Linux, e2fsck hukagua diski wakati mashine inawaka, na diski yenyewe huwa imeandikwa tarehe iliyofunguliwa mara ya mwisho. Betri ikifa, saa inarudi nyuma miaka mingi, na jana ya diski inageuka kuwa kesho. Miaka ya 2000 mashine nyingi zilisimama hapo hapo na kumtaka mtumiaji aikague diski mwenyewe kwa amri.

Sasa njoo Habaswein, kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir. Kwa miaka mingi mji ule ulitegemea mtambo wake wa dizeli, mbali na gridi ya taifa. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, saa yake hutumia umeme huo hata mashine ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika, mzigo wote unabebwa na betri ya CR2032, volti 3. Ongeza joto la kule, betri inachoka mapema.

Niliwahi kuangalia mashine moja ya ofisi huko. Fundi alikuwa ameshauri diski ifutwe, na humo mlikuwa na kumbukumbu za miaka. Nikaingia BIOS, nikarekebisha tarehe, ikawaka. Betri mpya ikamaliza kazi.

Baadaye e2fsck ililegezwa: kwa kawaida huvumilia tofauti ya hadi saa 24, na kuna mpangilio maalumu kwa mashine zenye saa mbovu. Raspberry Pi ya 2012 ilitoka bila saa ya betri kabisa. Mfumo wake huandika saa ya mwisho kwenye faili, ukiwaka unaanzia hapo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujakubali diski ifutwe, tazama tarehe kwenye BIOS. Ukikuta mwaka uliopita zamani, nunua betri kwanza.