Tamthilia za Japani ambazo mwisho wake haumtishi mtazamaji

MKAZI wa Noonkopir, kitovu cha mji wa Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, anayerejea jioni kutoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, aghalabu hutafuta burudani isiyomwongezea uchovu. Miongoni mwa zile zinazopatikana kupitia intaneti ni tamthilia za Kijapani ziitwazo boizu rabu, kwa kifupi BL, zinazosimulia mapenzi kati ya wanaume wawili.

Asili yake

Chimbuko la utanzu huu ni hadithi za katuni, au manga, zilizoandikwa na wanawake kwa ajili ya wasichana katika miaka ya 1970. Takemiya Keiko alianza kuchapisha Kaze to Ki no Uta mnamo 1976. Hadithi hiyo, kama nyingine za wakati huo, iliishia katika msiba.

Baadaye waandishi wengi waligeukia simulizi za upole, nazo runinga zikafuata. Kituo cha TV Asahi kilionyesha Ossan's Love mnamo 2018, kisa cha mfanyakazi wa kampuni ya nyumba anayependwa na mkubwa wake pamoja na mwenzake wa kazini. Mwaka wa 2019, TV Tokyo ilileta Kinō Nani Tabeta?, yaani "Ulikula Nini Jana?", kutokana na manga ya Yoshinaga Fumi. Mnamo 2020 kituo hicho kilionyesha Cherry Magic, katika sehemu 12, kuhusu karani anayetimiza miaka 30 na kupata uwezo wa kusoma mawazo ya kila anayemgusa.

Sifa zake

Aghalabu hakuna bunduki wala fitina ya urithi. Katika Kinō Nani Tabeta?, wakili Shiro na msusi Kenji wanaishi pamoja. Shiro hupika kila jioni, akijibana ili chakula kisizidi yeni 25,000 kwa mwezi. Mgogoro mkubwa ni kwamba Shiro huficha uhusiano wao kazini, ilhali Kenji hauoni kuwa siri.

Mtazamaji hujua mapema kwamba wawili hawa hawatatengana. Hilo si dosari. Watoto wetu wanaoitikia "pakawa" wanajua fika kwamba sungura atamshinda fisi, lakini huomba ngano ile ile kesho yake. Raha imo katika kuona njia itakayopitiwa. Wapenzi wa telenovela za Mexico wanalielewa jambo hili.

Hata hivyo, upole wa tamthilia si picha kamili ya Japani. Wilaya ya Shibuya jijini Tokyo ilianza kutoa vyeti vya kutambua wapenzi wa jinsia moja mnamo 2015, lakini vyeti hivyo si ndoa kisheria.

Hali nchini Kenya

Hapa nchini, mwisho mwema umewahi kuwa kiini cha kesi. Mnamo Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB) ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi. Kwa mujibu wa Kahiu, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulionyesha matumaini. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu iliiruhusu kuonyeshwa kwa siku saba, na kumbi zikafurika.

Mnamo Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilidumisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mahusiano ya aina hiyo. Mnamo 2021, KFCB iliizuia filamu nyingine, I Am Samuel.

Kwa hivyo, mtazamaji wa Kitengela huziangalia tamthilia hizi kwa namna mbili. Wapo wanaofuata mapishi na vichekesho tu, kama wangefuata kisa chochote cha mapenzi. Wapo pia ambao kwao wanaume wawili wakila chakula cha jioni bila hofu ni jambo wasiloweza kulionyesha hadharani. Kwa hawa wa pili, kuujua mwisho kabla ya kuufikia ni faraja, maana ndani ya kisa hicho, angalau, hakuna atakayebisha mlango kwa kishindo.