Michezo jumuishi

Michezo jumuishi ni michezo ambayo watu wenye ulemavu na watu wasio na ulemavu huicheza pamoja, katika timu moja au shindano moja, kwa kanuni zilizorekebishwa ili kila mchezaji awe na kazi ya kweli uwanjani. Ni tofauti na mashindano ya Paralimpiki, ambayo ni ya wanamichezo wenye ulemavu.

Nchini Tanzania michezo hiyo ina uzito wa pekee katika Kanda ya Ziwa, hasa mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza. Huko watu wenye ualbino waliwahi kuwindwa na kuuawa, na watoto wengi walihamishwa makwao ili kulindwa.

Asili

Mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya askari waliojeruhiwa vitani huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kutokana nayo ilizaliwa Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Mwaka 1968 Eunice Kennedy Shriver alianzisha Special Olympics kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Michezo yake ya kwanza ilifanyika Chicago, Marekani. Mwaka 1989 shirika hilo lilianza kuunda timu za mchanganyiko. Katika mpira wa miguu wa wachezaji 11, sita huwa na ulemavu wa akili na watano hawana; katika ule wa wachezaji watano, uwiano ni watatu kwa wawili. Wachezaji wa pande hizo mbili hutakiwa kukaribiana kwa umri na uwezo, ili wasio na ulemavu wasiutawale mchezo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kushiriki michezo ya kawaida pamoja na michezo yao maalumu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Namna ya kucheza

Marekebisho hutegemea aina ya ulemavu, na mengi hayahitaji vifaa vya gharama:

- Viziwi: katika mpira wa miguu mwamuzi hupunga kibendera badala ya kutegemea filimbi peke yake.
- Wasioona: katika mbio, mkimbiaji hushikana kamba fupi na mwenzake anayeona. Katika golboli, timu za watu watatu huviringisha mpira wenye kengele ndani yake, na watazamaji hutakiwa kunyamaza. Wachezaji wote hufungwa macho, hivyo katika mechi za kirafiki anayeona hana faida juu ya asiyeona.
- Wenye ulemavu wa miguu: mpira wa wavu wa kukaa huchezwa katika uwanja mdogo wa mita 10 kwa 6, wavu ukiwa umeshushwa. Mchezaji haruhusiwi kunyanyua makalio anapougusa mpira.
- Wenye ualbino: wengi wao wana uoni hafifu na ngozi inayoungua upesi. Mechi hupangwa asubuhi na mapema au jioni, kwa kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, na mpira huwa wa rangi inayoonekana vizuri.

Nchini Tanzania

Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yameingiza michezo ya wanafunzi wenye ulemavu. Hapo wanafunzi hukutana katika mashindano mamoja, ingawa mechi zao hubaki za makundi tofauti. Mbio za Kilimanjaro Marathon huko Moshi nazo zimewahi kuwa na kilomita 10 za viti vya magurudumu na baiskeli za mkono.

Mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yakiongezeka, timu ya mpira wa miguu ya Albino United ilianzishwa Dar es Salaam. Wachezaji wake wengi walikuwa na ualbino, nao walicheza na timu za kawaida ili watazamaji wawaone kama wanamichezo na si viumbe wa ajabu.

Katika ukanda wa dhahabu

Ushirikina uliodai kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta bahati ulienea miongoni mwa baadhi ya wachimbaji wadogo na wavuvi. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini Tanzania tangu mwaka 2000. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake cha Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino.

Watoto wengi walipelekwa kwenye shule za bweni zenye ulinzi, zikiwemo Buhangija katika Manispaa ya Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Buhangija ni shule jumuishi: watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi husoma pamoja na wasio na ulemavu. Hatua hiyo iliokoa maisha, lakini iliwatenga watoto na familia na vijiji vyao. Waliobaki vijijini nao walikua bila kucheza na mwenzao mwenye ualbino, na pasipo mazoea uvumi hupata nafasi.

Katika maeneo ya machimbo kama kata ya Bugarama, wilayani Msalala, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kuna sababu nyingine. Kuporomoka kwa mashimo ya wachimbaji wadogo huweza kumwacha kijana na ulemavu wa ukubwani. Mpira wa wavu wa kukaa humwezesha kurudi uwanjani na wenzake wale wale.

Changamoto

Bonanza la siku moja huweza kuishia katika picha na hotuba. Mchezaji mwenye ulemavu akiingizwa dakika za mwisho, au wapinzani wakimwachia afunge kwa huruma, mchezo haujawa jumuishi. Changamoto nyingine ni viwanja visivyofikika, uchache wa walimu wanaojua lugha ya alama, na usalama wa safari za watoto wenye ualbino.

Tazama pia

- Ualbino
- Elimu jumuishi
- Paralimpiki
- Mkoa wa Shinyanga