Jiwe Moja, Vyombo Vingi

Ndugu mkulima wa Mbulu na Hanang, kabla hujanunua chombo cha betri, kumbuka mawe ya redio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanakijiji walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio moja. Redio nyingi za siku zile zilitumia jiwe kubwa la volti 1.5. Jiwe hilo hilo liliingia kwenye tochi, na miaka hiyo hata kwenye bomba jepesi la kunyunyizia dawa ya pamba. Ukikosa la kiwanda hiki, ulichukua la kile. Kipimo kilikuwa kimoja.

Vyombo vya kuchaji vilishika njia nyingine. Mwaka 1961 Black & Decker ya Marekani ilitoa keekee isiyo na waya. Baadaye viwanda vingi vilitengeneza betri kila kimoja kwa umbo lake. Zote zaweza kuandikwa volti 18, lakini ya huyu haiingii kwa yule.

Basi andika kwanza vyombo vyote unavyohitaji: bomba la mgongoni, msumeno wa kupogolea, keekee ya banda. Chagua kiwanda chenye vyote, ambacho betri zake zapatikana Katesh au Mbulu mjini. Na mkiwa kikundi, kubalianeni aina moja. Mtaazimana betri na chaja.