Zik na Kesi ya Benki

Msomaji, bila shaka umepata kulisikia jina la Nnamdi Azikiwe, ambaye watu wa Afrika Magharibi walizoea kumwita Zik. Wengi humkumbuka kwa kuwa alikuwa Rais wa kwanza wa Nigeria, mwaka 1963. Ni wachache wakumbukao ya kwamba miaka saba kabla ya kupata cheo hicho alisimama mbele ya tume ya uchunguzi akahojiwa juu ya benki. Habari hiyo ndiyo nitakayokusimulia, wala si kwa ajili ya benki peke yake, bali zaidi kwa ajili ya watu waliokuwa wakisikiliza.

Kwanza yafaa ujue benki ilikuwa kitu gani katika nchi iliyotawaliwa. Bank of British West Africa ilianzishwa mwaka 1894, na kwa muda mrefu fedha za serikali zilikaa humo. Makampuni ya Kizungu yalikopeshwa bila taabu. Lakini Mwafrika mwenye duka lake katika soko la Onitsha, alipokwenda kuomba mkopo, aghalabu aliulizwa dhamana ambayo hakuwa nayo, kwani ardhi aliyoilima ilikuwa ya ukoo na haikuwa na hati. Mambo hayo hayakuwa mageni kwetu Kenya. Hapa pia benki zilikuwa za wageni, tangu National Bank of India ilipofungua mlango wake Mombasa mwaka 1896, na juu ya hayo palikuwa na sheria zilizopunguza deni ambalo Mwafrika angeweza kudaiwa mahakamani, hata mfanyabiashara akaona heri asimkopeshe kabisa. Basi usistaajabu ukisikia ya kuwa neno "benki" liliweza kuwakusanya watu uwanjani kama vile neno "uhuru".

Zik alikuwa amesoma Marekani, akarudi Afrika Magharibi mwaka 1934, akawa mhariri wa gazeti huko Accra. Mwaka 1937 alianzisha gazeti lake mjini Lagos, West African Pilot, ambalo lilisomwa kwa sauti mbele ya wale wasiojua kusoma. Mwaka 1944 alinunua benki ndogo, na hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa African Continental Bank. Katika miaka ile benki za Waafrika zilichipuka kama uyoga baada ya mvua, na nyingi zilinyauka vivyo hivyo, zikaenda na akiba za watu. Ndipo mwaka 1952 serikali ilipotunga sheria ya mabenki, na kuagiza ya kwamba benki ya wenyeji iwe na mtaji uliolipwa wa pauni 12,500 angalau. Zile zilizokuwapo tayari zikapewa miaka mitatu zijitengeneze. Benki ya Zik ilikuwa hai, lakini afya yake ilikuwa haba.

Mwaka 1954 Zik akawa Waziri Mkuu wa Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Enugu. Hapa nakuomba usome polepole, kwani ndipo lilipo fundo la mambo yote.

Utajiri wa Mashariki ulikuwa mchikichi. Wanaume walipanda juu kuangua mikungu, wanawake wakachemsha na kukamua mafuta ya mawese, na kokwa zikavunjwa kwa mawe. Mkulima hakuuza mafuta yake popote apendapo. Yalinunuliwa kwa bei iliyowekwa na Halmashauri ya Mauzo ya Mazao, na halmashauri hiyo ikayauza ng'ambo. Bei ya ng'ambo ilipokuwa juu, mkulima hakulipwa yote. Sehemu iliwekwa akiba, kwa hoja kwamba ingemfaa siku ambayo bei ingeshuka. Kwa hiyo ile akiba kubwa, ingawa ilihesabiwa kuwa mali ya umma, ilikuwa imetoka katika mikono yenye sugu. Na wanawake wa nchi ile hawakuwa watu wa kuchezewa katika mambo ya bei na kodi; mwaka 1929 waliwashtua Waingereza kwa maasi ambayo mpaka leo yaitwa Vita vya Wanawake.

Katika akiba hiyo zilitolewa pauni 2,000,000 zikapewa Shirika la Fedha la Jimbo. Shirika nalo likatumia pauni 877,000 kununua hisa katika African Continental Bank, na fedha nyingine likaziweka humo humo. Waziri Mkuu wa jimbo alikuwa na hisa katika benki hiyo, na makampuni yake ya magazeti yalikuwa na deni kwake.

Aliyelitoa jambo hili hadharani hakuwa Mwingereza. Alikuwa E. O. Eyo, ambaye siku si nyingi kabla ya hapo alikuwa Kiranja Mkuu wa Serikali ya Zik barazani. Mwaka 1956 alileta hoja ya kutaka Waziri Mkuu achunguzwe. Zik alimshtaki kwa kumvunjia heshima, na kwa kuwa shauri lilikuwa mahakamani, hoja ikazuiwa isijadiliwe. Lakini moshi ulikuwa umekwisha kuonekana. Mwezi wa Julai Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni, alitangaza London kwamba tume itaundwa, na mkutano wa katiba uliokuwa ufanywe mwaka ule ukaahirishwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililowachoma watu. Nigeria ilikuwa ikingoja mkutano ule ili majimbo yapewe kujitawala, na sasa ilionekana kana kwamba hesabu za benki moja zimefunga barabara ya taifa zima. Katika Mashariki wengi walisema kwamba Mwingereza ametafuta kisingizio, na ya kuwa kosa halisi la Zik ni kutaka kuondoa fedha za serikali katika benki ya wageni. Mwenyekiti wa tume alikuwa Sir Stafford Foster-Sutton, Jaji Mkuu wa Nigeria. (Wazee wetu walimjua, kwani katika miaka ya 1940 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya.) Kwa wale waliosimama upande wa Zik, jina na cheo chake vilitosha kuwa ushahidi.

Tume ilipokaa, magazeti yalichapa maswali na majibu kwa kirefu. Ungesoma gazeti la upande huu ungeona shujaa aliyezungukwa na adui. Ungesoma la upande wa Action Group, chama cha Obafemi Awolowo kilichotawala Magharibi, ungeona mtu aliyeshikwa mkono ukiwa ndani ya chungu. Zik mwenyewe hakuyakwepa maswali. Alieleza kwamba benki za wageni zilimnyima Mwafrika mkopo, na kwamba nchi isiyo na benki yake haiwezi kuwa huru kweli. Hayo yalikuwa kweli. Lakini, msomaji, angalia jinsi swali lilivyokuwa moja na jibu likawa jingine. Wanasheria waliuliza: Kwa nini hukujitoa katika benki kabla fedha za umma hazijaingia? Naye alijibu: Watu wetu walihitaji benki. Waliosikiliza walilisikia jibu, na swali likapotelea katika makofi.

Taarifa ya tume ilitoka Januari 1957. Ilisema ya kwamba mwenendo wa Waziri Mkuu katika jambo hili umepungukiwa na kile ambacho watu waaminifu na wenye busara wana haki kukitazamia kwake, na kwamba ilimpasa kuachana na maslahi yake katika benki mara ilipokusudiwa kutia fedha za umma humo. Lakini taarifa iyo hiyo ilikiri kwamba kusudi lake kubwa lilikuwa kuwapatia wananchi benki yao, ili mikopo ipatikane kwa urahisi zaidi. Tena ikaongeza ya kuwa alivutwa na nguvu aliyoipata kwa kuwa na fedha mkononi. Mimi naona ya kuwa maandishi hayo yalikuwa ya haki kuliko ilivyokubaliwa siku zile, na upande wowote. Wapenzi wa Zik walishika nusu moja ya maneno, na maadui zake wakashika nusu ya pili.

Chama chake, NCNC, hakikumtaka ajiuzulu na kuingia gizani. Kiliamua ya kwamba atoe haki zake zote katika benki awape Serikali ya Mashariki, na ya kwamba baraza livunjwe, wananchi wenyewe waamue. Kampeni ikawa ya benki. Mkulima aliyekuwa hajapata kuingia katika benki yoyote aliambiwa kwamba karata yake ya kura ndiyo itakayoamua kama Mwafrika atakuwa na benki au hatakuwa nayo. Mwezi wa Machi 1957 watu walipiga kura, na NCNC ikapata viti 64 katika 84. Action Group ilipata 13, vingi vikiwa katika sehemu za Calabar, Ogoja na mito, ambako makabila madogo yalikuwa na malalamiko yao wenyewe dhidi ya Enugu, wala benki haikuwa kubwa kuliko hayo.

Je, watu wale walidanganyika? Nimewasikia walimu wenzangu wakisema hivyo, nami sikubaliani nao. Mtu aliyekataliwa mkopo maisha yake yote, kisha akaona kiongozi wake akiulizwa habari za mkopo na hakimu wa serikali ile ile, hawezi kuamini kwamba kinachotakiwa ni usafi wa hesabu tu. Kura yake ilikuwa jibu kwa Lennox-Boyd. Lakini halikuwa jibu kwa Eyo. Eyo aliuliza ni nani aliyeruhusu akiba ya wenye michikichi kuiokoa benki ya Waziri Mkuu, na swali hilo halikuwa la Kizungu wala la Kiafrika. Kwa kuwa lilipitia mkono wa Mwingereza likaonekana kuwa lake, na hapo Mwingereza alimfanyia Zik hisani kubwa pasipo kujua.

Ajabu ni kwamba wale waliocheka huko Magharibi hawakucheka muda mrefu. Mwaka 1962, uhuru ukiwa umekwisha kupatikana, tume nyingine iliyoongozwa na Jaji Coker ilichunguza mashirika sita ya umma ya Jimbo la Magharibi, ikakuta kwamba fedha za Halmashauri ya Mauzo, safari hii zikiwa za wakulima wa kakao, zilikuwa zimemiminwa katika njia zilizokifaa chama tawala. Awolowo alitupiwa lawama. Safari hii hapakuwa na Mwingereza wa kusingizia, maana tume iliwekwa na Waafrika. Hata hivyo watu wake walisema ni hila za mahasimu wake wa siasa, na mwaka 1979 aliposimama kugombea urais, Magharibi ilimpa kura zake kwa wingi.

Zik aliendelea kuongoza Mashariki, ambayo pamoja na Magharibi ilipata kujitawala tarehe 8 Agosti 1957. Wenzake hawakuwa wamesahau yote. Mwaka 1958 K. O. Mbadiwe na kundi lake ndani ya chama walimtaka aondoke, wakashindwa, wakafukuzwa wao. Mwaka 1960 akawa Gavana Mkuu, na alifariki mwaka 1996 akiwa mzee wa miaka 91. African Continental Bank ilibaki mali ya serikali ya Mashariki, ikaona vita, ikaona wanajeshi, ikabadilisha wakubwa mara nyingi. Serikali kuu ilipoagiza mabenki madogo yaungane, nayo ikaunganishwa na mengine mwaka 2006 chini ya jina jipya, na jina lile ambalo watu waliliimba viwanjani likafutwa juu ya milango.