Njia ya Koni: Safari ya Vizazi katika Historia ya Bana Shaba

Wanahistoria wa Katanga wamezoea kuitafuta habari ya mfanyakazi wa migodi katika nyaraka za kampuni: mikataba, orodha za mishahara na taarifa za madaktari. Upo waraka mwingine ambao haumo katika kabati lolote, nao ni barabara. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita zipatazo 120. Kutoka Likasi njia huelekea mashariki hadi mto Lufira, penye mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni. Familia inayoipita njia hii pamoja na nkambo, kama wanavyoitwa babu na nyanya huko Katanga, hukutana kwa siku chache na makumbusho, jumba la michezo ya kuigiza, mji wa viwanda na mto. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kila kituo hutunza sehemu tu ya historia ya Bana Shaba, yaani wana wa shaba, na kwamba sehemu hizo huunganishwa na mazungumzo ya vizazi vinavyosafiri pamoja. Jambo hili halina subira, maana wanaoweza kuziunganisha wanapungua kila mwaka.

Kituo cha kwanza ni Makumbusho ya Lubumbashi, yaliyoasisiwa na Francis Cabu mwaka 1946. Msingi wa hazina yake ni akiolojia na sanaa za jadi. Misalaba ya shaba, ya aina iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale mwaka 1957 na 1958, inatosha kumfundisha kijana kwamba shaba ya nchi hii iliyeyushwa na kutumika kama fedha karne nyingi kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Hata hivyo, makumbusho ya kikoloni, kwa desturi ya enzi yake, yalimtazama Mwafrika wa kijiji na wa kale. Mfanyakazi wa mjini hakuwa na kabati lake.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 2000, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na mwenzao Bogumil Jewsiewicki, walipoanzisha mradi wa kukusanya kumbukumbu za mji huo. Wenyeji walialikwa kuleta vitu vya nyumbani pamoja na maelezo yake. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kitu bila kauli ya mwenyewe ni bubu. Baiskeli kuukuu ni chuma tu, hadi mzee aseme ilinunuliwa kwa mshahara wa miezi mingapi na nani alipakiwa nyuma siku ya kwanza.

Kituo cha pili ni cha michezo ya kuigiza, nacho kina sura mbili. Sura ya kwanza ni jumba la fahari lililojengwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya wakazi Wazungu wa Elisabethville. Baada ya uhuru jumba hilo likawa mahali pa mikutano ya bunge la jimbo, na jukwaa likageuka kiti cha utawala. Sura ya pili haina jengo. Ni kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa miaka mingi katika redio na televisheni kwa michezo yake ya Kiswahili cha mitaani. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima. Badala ya kumpa fasiri, waligeuza swali lake kuwa mchezo. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walijadiliana, wakagawana maonyesho, wakaigiza na kusahihishana, na hatimaye wakauonyesha mchezo katika kijiji cha Kawama. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo hapa ni la njia. Historia ya Katanga imehifadhiwa kwa kusemwa na kujibiwa, katika lugha ambayo wasanifishaji wameidharau mara nyingi.

Kituo cha tatu ni Likasi yenyewe, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Hapa safari ya familia hukutana na safari zilizoizaa. Union Minière iliwakusanya watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Mwanzoni iliwachukua wanaume kwa mikataba mifupi. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 ikabadili sera: wafanyakazi waje na wake zao, wakae, wazae. Kampuni ikatoa nyumba, posho, zahanati na shule, ikawa kama baba wa nyumba. Baba huyo alikuwa na fimbo pia. Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza ya mshahara, wanajeshi waliwafyatulia risasi huko Lubumbashi. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikazaa ile iliyokuja kuitwa Gécamines, na desturi ya ubaba ikaendelea hadi uzalishaji ulipoporomoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliagwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kitabu cha Dibwe cha mwaka 2001 kinawaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Jina hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote wa Likasi.

Iko habari nyingine ambayo familia zikifika stesheni ya Likasi ama huisimulia ama huipita kimya. Reli iliyounganisha Katanga na Kasai ilikamilika mwaka 1928, na ndiyo iliyowaleta wengi wa wafanyakazi wa kwanza wa Kasai. Kati ya mwaka 1992 na 1993, katika fujo za kisiasa za jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walipiga kambi stesheni wakisubiri mabehewa, na wengine walifia hapo na njiani. Nkambo aliletwa kwa reli. Mjukuu, mzaliwa wa Likasi na msemaji wa Kiswahili, akasafirishwa kwa reli ile ile kwenda nchi asiyopata kuiona. Hiyo nayo ilikuwa safari ya vizazi vitatu. Historia ya Bana Shaba isiyoitaja haijakamilika, hata ikiwa na misalaba yote ya shaba kabatini.

Kituo cha mwisho ni Lufira. Huko, mandhari yenyewe husomeka kama daftari la majina. Mwaka 1891 msafara wa Lucien Bia uliingia Katanga, akiwamo Émile Francqui na mwanajiolojia Jules Cornet. Bia alifariki mwaka 1892, na Francqui akashika uongozi. Baadaye poromoko kubwa la Lufira liliitwa Cornet, mtambo wa umeme uliojengwa hapo na kukamilika mwaka 1930 ukaitwa Francqui, na ule wa chini yake, uliomalizika mwaka 1950, ukaitwa Bia. Hivyo msafara mmoja ulipewa mto mzima. Majina ya Mwadingusha na Koni, yanayotumika leo, ni ya mahali penyewe, na kuyatamka mbele ya mtoto ni kufuta na kuandika upya kwa pamoja. Lakini hata majina hayo hayataji waliochimba na kubeba mawe. Umeme wa Mwadingusha uliendesha kiwanda cha shaba cha Shituru huko Likasi. Kwa hiyo mzee aliyefanya kazi Shituru, akisimama juu ya bwawa, anatazama chanzo cha kazi yake.

Bwawa hilo lilifunika uwanda wa juu wa mto na kuzaa ziwa Tshangalele, ambalo wavuvi wa Kapolowe hulitegemea kulisha miji. Mwaka 1960 ndege mmoja wa jamii ya kwera alipatikana kandokando ya ziwa hilo. Mwaka 1982 wataalamu walimtambua kuwa spishi mpya na kumwita Ploceus ruweti, lakini hakuonekana tena na watafiti hadi mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 1982, bonde la Lufira liliingizwa katika hifadhi za bayongahewa za UNESCO. Kwa hiyo kile kinachoitwa maumbile hapa ni kazi ya mikono pia: kwera hufuma kiota chake kando ya ziwa lililotengenezwa kwa ajili ya shaba. Asiyeijua historia ya bwawa hawezi kuyaelewa mazingira yake.

Kutokana na haya, yafaa idara za Kiswahili na za historia ziitazame safari ya namna hii kuwa njia ya utafiti. Mwanafunzi aliye na nkambo hai afuatane naye kutoka Lubumbashi hadi Koni akiwa na kinasa sauti, amwache aseme Kiswahili chake bila kumsahihisha, na ayaandike pia majibu ya wazazi na ya watoto, kwa kuwa mara nyingi kweli hujitokeza pale wanapobishana. Waliozaliwa katika kambi za Union Minière miaka ya mwanzo ya sera ya familia sasa wako katika umri wa miaka tisini na kitu. Bwawa la Koni litaendelea kusimama, lakini mtu wa kueleza jinsi lilivyojengwa huenda asipatikane ifikapo likizo ijayo.