AAV-7: Ndai ya Jeshi Inayoogelea, na Spea Ndogo Zenye Huamua Nani Atatoka

Ukiiona kwa muvi utadhani ni kifaru kimepotea baharini. Hii mashine inaitwa AAV-7. Kazi yake ni kutoa wanajeshi kwa meli, kuogelea nao hadi ufuoni, kisha kupanda mchanga na kuendelea na safari kama kawa. Cheki vitu za kujua.

Ilitoka wapi?
Babu yake aliundwa Florida, Marekani, miaka ya 1930. Jamaa anaitwa Donald Roebling alitaka gari ya kuokoa watu waliokwama kwa vinamasi baada ya vimbunga. Marines wakaipenda, na kwa Vita Vikuu vya Pili ikawa inabeba wanajeshi kwa visiwa vya Pasifiki. AAV-7 yenyewe ilianza kazi 1972, na majeshi ya Korea Kusini, Brazil, Italia na Thailand pia yameitumia.

Inaogelea aje?
Ina uzito wa karibu tani 26, lakini bodi yake ya alumini ina nafasi ya hewa ya kutosha kuielesha. Kwa barabara inachapa kilomita 70 kwa saa. Kwa maji? Kama 13 tu, ikisukumwa na jeti mbili za nyuma. Ndani kuna wasee watatu wa kuiendesha na abiria zaidi ya 20.

Spea za kuheshimu
- Sili za raba: Zinaziba mlango wa nyuma, vifuniko vya juu na njia ya hewa ya injini. Raba huzeeka, hukauka, hupasuka.
- Giaboksi: Inapeleka nguvu kwa minyororo nchi kavu, na kwa jeti majini. Oili ikivuja yote, umekwama katikati ya bahari.
- Pampu: Ziko nne za kutoa maji yanayoingia. Shida ni, zingine zinategemea injini, so injini ikilemewa, nazo zinalemewa.
- Taa za dharura: Kukiwa giza totoro na maji yanapanda, hizi ndio hukuonyesha mlango uko wapi.

Julai 30, 2020
Siku hiyo AAV moja ilikuwa mazoezini karibu na kisiwa cha San Clemente, California, ikiwa na watu 16. Sili zilikuwa zinavuja. Giaboksi ikaishiwa oili, jeti zikafa, pampu zikashindwa na maji. Taa za dharura ndani hazikuwa zinafanya. Sheria ilikuwa maji yakifika kwa vifundo vya miguu, abiria watoke. Amri ilikuja ikiwa imechelewa, na hakukuwa na boti ya kuokoa karibu. Gari ikazama zaidi ya mita 100. Watu 9 walikufa.

Uchunguzi ulisema hiyo gari ilikuwa kwa hali mbaya kabla hata ipewe kikosi. Zingine zilipokaguliwa baadaye, nyingi zilifeli kwa kuvuja. Hapakuwa na adui, hakuna risasi ilipigwa.

Mbona walikuwa bado wanatumia mzee?
Kulikuwa na mrithi, EFV, lakini alikatwa 2011 baada ya kumeza karibu dola bilioni 3. So AAV ikaendelea kupigwa viraka, mwaka baada ya mwaka.

Sai iko wapi?
Desemba 2021 Marines walisema AAV haitaingia tena majini, isipokuwa kukiwa na dharura. Nafasi yake imechukuliwa na ACV, yenye magurudumu 8 badala ya minyororo.

Watu hupenda kuuliza hizi mashine zina bunduki gani. Swali la maana ni lingine: nani alikagua raba mara ya mwisho, na alipopata imepasuka, spea ilikuwepo ama aliambiwa "itashikilia tu"? Mlioko ndani hamwezi kujua hadi maji yafike kwa viatu.